Siku Fanfari Iliposimama Katikati ya Mtihani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Fanfari hakuniuliza jina. Alinikabidhi tromboni, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Piga, mama. Majina tutajuana kisha." Nikapiga. Wakati ule mwanamke mwenye tromboni alikuwa kioja katika mji wetu wote wa Likasi, Kongo, na watu walijaa dirishani kutazama kama nitazimia. Sikuzimia. Nikaandikwa kazi: kupiga katika fanfari ya parokia, yaani bendi yetu ya matarumbeta, na kufundisha ala shuleni.

Ninyi mnaojifunza leo kwa simu, niwaeleze chombo chenyewe. Tromboni haina vitufe. Ina bomba la kuvuta, tunaloliita kulisi, na mkono una mahali saba pa kusimama. Pa kwanza pako karibu na pua. Pa saba pako mbali huko, mtu mfupi anapatafuta kama anayefukuza kuku. Hakuna alama iliyochorwa, ni sikio linalokuambia umefika.

Na fanfari yetu ilikuwa na desturi yake. Siku ya sikukuu, watu wakishapumzika na kula, hakuna aliyepiga kelele kwamba tuondoke. Tromboni ilitoa mwito: sauti zinashuka polepole, ngazi kwa ngazi, hadi ile nene ya chini kabisa, ya mahali pa saba. Ngoma kubwa inajibu mara moja, na wote wanasimama, hata mwenye mkate mdomoni. Tata Kalenga, mpiga ngoma hiyo, aliwahi kuniambia, "Mama Régine, tromboni ikiita, miguu yangu haiulizake kichwa."

Nilihamishiwa shule moja ya mtaa wa Kikula, kisha nikarudishwa mjini. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe pale Prefe, mkuu wetu wa shule, aliponiita ofisini.

"Mama, tunaweza kufungua section ya muziki hapa hapa, batoto baache kuenda Lubumbashi. Lakini inaomba muntu iko na diplôme ya juu, ya kupiga na ya kufundisha pamoja. Bila ile, hapana. Byombo bya muziki bya ile section, batabipeleka muji ingine."

"Prefe, miye niko na bajukuu!"

"Bon, bajukuu batakusaidia kufanya devoirs za masomo."

Ndivyo nilivyorudi shule, Lubumbashi, bibi mzima na begi mgongoni. Masomo yale yalikuwa na pande mbili na maprofesa wawili walionigombania kama shati la mtumba. Profesa wa Upigaji alitaka kila asubuhi nishike sauti moja ndefu mpaka pumzi iishe. Profesa wa Ufundishaji alitaka ninyamaze. "Mama, unasema mingi," aliniambia mbele ya wenzangu walio na umri wa watoto wangu. "Mwanafunzi anakuya kusikia tromboni, haiko redio." Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa pande mbili vilevile, siku moja: upige mbele ya jopo, kisha umfundishe mtu jambo ambalo hajaliweza bado. Ukianguka upande mmoja, umeanguka pote. Kwangu, kuanguka kulikuwa na maana ya Likasi kubaki bila darasa la muziki.

Siku hiyo fanfari yangu ilikuja yote kwa basi, imevaa sare, pamoja na ngoma. Walisema ngoma ni ya furaha ya baadaye. Walikaa nyuma, kimya, kwa adabu zaidi kuliko wanavyokaa misani.

Kipande nilichopangiwa kilikuwa cha kigeni, cha polepole. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi miezi mingi, peke yangu chumbani, bila kugundua kitu. Karibu na mwisho sauti zinashuka ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa. Nikanyoosha mkono hadi mahali pa saba.

Dum!

Fanfari nzima ilikuwa imesimama, mguu wa kushoto juu.

Mwenyekiti wa jopo, yule Profesa wa Upigaji, aliangusha kalamu. "Ni nini ile?"

"Ametuita, Professeur," akajibu Tata Kalenga, kofia mkononi.

"Hakuna kuita! Ni examen!"

"Siye tunasikiaka vile, Professeur."

Wakaketishwa, nami nikaamriwa kuanza upya. Nilipofika pale pale niliona safu nzima imeshikilia viti, Tata Kalenga akikandamiza magoti yake kwa mikono miwili. Kicheko kilinipanda tumboni, na tromboni haifichi kicheko. Sauti ilitetemeka. Mwenyekiti akaandika kitu, nami nikajua hapa nikipita, nitapita kwa shida; tumaini lote limebaki kwenye somo la kufundisha.

Mwanafunzi wangu alikuwa Mama Kapinga, muuza samaki wa ziwa la Tshangalele, mfupi, aliyekulia parokiani kwetu na kuja kwa basi lile lile, ambaye hakuwa amefika mahali pa saba hata mara moja. "Mama Régine, nitakuharibishia," alininong'oneza. Nilifungua kinywa nimweleze. Nikakutana na macho ya Profesa wa Ufundishaji, nikakifunga. Karatasi ya mazoezi nikaiweka chini, nikapiga mwito wetu, ule anaoujua tangu utotoni. Nikamwonyesha: usikamate kulisi kwa ngumi, ishike kwa ncha za vidole, bega lifuate mkono. Akajaribu. Sauti ikatoka chachu. Nikapiga tena, naye akajaribu tena. Mara iliyofuata aliinama mwili mzima, kama anayempa mteja samaki juu ya meza pana, na ile sauti nene ikatoka, ikajaa ukumbini.

Fanfari haikusogea, jasho likiwatoka. Aliyesimama ni Mwenyekiti wa jopo. Aliitazama miguu yake kama inayomshangaza.

"Professeur," akauliza Tata Kalenga kwa upole, "amekuita?"

Vigelegele vilipasuka, na Mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Upigaji nilipita kwa kukwaruza, ufundishaji kwa sifa. Ngoma ilipigwa njia yote hadi Likasi, dereva akilalamika na kucheza bega.

Darasa lilifunguliwa, nikaliongoza hadi nilipostaafu. Mpaka leo vijana wananiuliza kama ilifaa bibi kujisumbua hivyo na masomo. Ilifaa, wanangu. Nilikwenda nikidhani nitafunzwa kupiga vizuri zaidi, nikafunzwa kumngojea mtu mwingine. Nimepiga sauti nyingi maishani, za harusi, za matanga na za maaskofu. Ile inayonijia nikiwa jikoni peke yangu, nikicheka hadi ugali unaungua, ni ya Mama Kapinga.