Vitabu Alivyonunuliwa Dada Mkubwa

Kengele ya mapumziko haijanyamaza na foleni imeshafika mlangoni mwa maktaba ya shule. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani amesimama kizingitini.

"Mikono," anasema.

Watoto wananyoosha viganja, wanavigeuza. Mmoja ana mafuta vidoleni.

"Wewe, bombani kwanza. Kitabu si taulo."

Wanafunzi humwita Dada Mkubwa, na wengi hawajui kwamba ndivyo alivyoitwa kwao tangu utotoni. Msichana wa kwenye picha ukutani, ambaye maktaba hii imejengwa kwa kumbukumbu yake, ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Hilo jina lake refu lililoandikwa mlangoni ni la shule," anasema huku akipaka gundi mgongo wa kitabu kilichochanika. "Nyumbani alikuwa Kadogo. Mama akisikia watu wanataja hilo refu, anauliza ni nani huyo."

Wote wawili walisoma hapa. Dada Mkubwa alikuwa kidato cha pili na Kadogo cha kwanza baba yao alipofariki. Mama alikuwa akifua nguo za watu, na ada ya wawili ikamshinda.

"Hakuniambia niache shule. Alikaa tu kitandani akatuangalia. Nikamwambia, mama, mimi nitabaki nikusaidie. Nilidhani ni mwaka mmoja."

Sketi yake ya shule ikapunguzwa kiuno, akapewa Kadogo. Yeye akaingia jiko la shule hiyohiyo kuosha masufuria. Kupitia dirishani alimwona mdogo wake akienda darasani na wenzake.

"Mwanzoni nilikuwa nageukia ukuta," anasema.

Mkuu wa shule, aliyewafundisha wote wawili hesabu, anawakumbuka vizuri. "Kadogo alikuwa na bidii sana. Lakini aliyekuwa mwepesi wa kuelewa ni huyu dada yake. Sijawahi kulisema hilo mbele ya mama yao."

Kadogo alifaulu, akasomea kazi ya maabara, akaajiriwa hospitalini. Mshahara wake wa kwanza uliishia kwenye vitabu vya sekondari, seti nzima.

"Akavibwaga kitandani kwangu. Akasema, 'Zamu yako, Dada. Januari unaanza masomo ya jioni, na kazi zako nitasahihisha mimi.' Nikamcheka, nikamwambia nimeshazeeka. Akasema, 'Hata usiposoma utazeeka.'"

Januari haikumkuta Kadogo. Aligongwa na lori akitoka kazini.

Vitabu vikabaki chini ya kitanda. Waliosoma na Kadogo walipochanga kujenga maktaba, waliomba familia nayo itoe chochote. Dada Mkubwa akavitoa vyote.

"Sikuvitoa kwa moyo mweupe. Nilitaka tu viondoke, nipate usingizi."

Siku ya ufunguzi, wakati hotuba zikimsifu Kadogo, yeye alikuwa jikoni akipakua chakula cha wageni. Hakuna aliyemtaja. Wiki chache baadaye mkuu wa shule alimwita, akamkabidhi ufunguo wa maktaba.

Mshahara wa hapa ni mdogo kuliko wa jikoni. Ukishatoa kodi ya chumba, kinachobaki ni cha kula tu. Alikubali hata hivyo.

Vile vitabu sasa vina mhuri wa shule. Cha hesabu kimeshapoteza jalada, maana ndicho kinachoazimwa kuliko vyote. Watoto wakishaondoka, hukichukua yeye.

"Nakwama mahali, nainua kichwa nimtafute wa kumuuliza, nakutana na picha. Ningeanza siku ile aliyovileta, angenisahihisha hata kurasa mbili tatu. Hilo ndilo linaloniuma."

Amejiandikisha kufanya mtihani mwakani, katika chumba kimoja na watoto anaowakagua mikono. "Nikifeli nitarudia. Watanicheka kidogo, kisha watazoea."

Mama yao alikuwa hajawahi kukanyaga maktaba hii. Mwezi uliopita alikuja, akavua viatu mlangoni, akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaona kitabu kilichofunguliwa mezani.

"Cha nani hiki?"

"Nasoma mimi, mama."

Mama akavuta kiti cha mwanafunzi, akaketi. "Siku ile ulipoacha shule, ungeniambia kwamba unaumia."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Mama akakisogeza kitabu karibu na mwanawe. Yeye mwenyewe hajui kusoma.

"Basi soma, nikusikie."

Dada Mkubwa akamsomea ukurasa mzima wa milinganyo, herufi na tarakimu, ambao mama hakuuelewa hata kidogo, wala hakumkatiza.