Kalunguyeye Aliyechaguliwa na Mkaguzi

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 1969, Drahomíra Hurtíková, msichana wa miaka kumi na tisa, aliandikwa kazi ya ukaguzi wa vipimo katika kiwanda kimoja cha vyuma mjini Vsetín. Siku hiyohiyo alimrudishia fundi Květoslav Vašut vyuma kumi na viwili kati ya ishirini alivyoleta. Fundi alisema ni bahati mbaya. Drahomíra alisema ni sehemu tatu za mia za milimita. Walioana baada ya miaka miwili, na mpaka leo Květoslav akiulizwa walivyokutana hujibu kwamba mkewe alimkataa mara kumi na mbili kabla ya chai ya saa nne.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na minane. Alipostaafu alirudisha funguo na koti la kazi, akabaki na kalipa yake, kifaa cha kupimia unene na upana, ambayo alikuwa ameinunua mwenyewe. Huoka keki bapa za peasi zenye upana mmoja zote, na jirani akizisifu kwa utamu, yeye hutaja unene. Sokoni wauza nyanya wanamfahamu. Hawamchukii, ila hawamharakishi, kwa sababu hakuna faida.

Septemba iliyopita Květoslav alianguka bustanini akichuma plamu. Kilikuwa kiharusi. Mguu ulirudi upesi, na ulimi ulirudi upesi kuliko mguu, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala juu ya goti kama wa mtu mwingine. Bi Šimona, mtaalamu wa viungo wa hospitali, alimwambia Drahomíra ukweli wakiwa wamesimama koridoni.

"Bega litakuwa sawa. Vidole ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Vikilala mpaka baridi iishe na theluji iyeyuke, sitegemei viamke tena. Inabidi vifanye kazi kila siku, na lazima iwe kazi ndogondogo."

"Atafanya," alisema Drahomíra.

Hakufanya. Mpira laini aliopewa wa kubinya alimrushia mbwa wa jirani, akaurusha kwa mkono wa kushoto. Udongo wa kuchezea aliurudisha kabatini. "Mimi nimetengeneza vipimo vya kupimia vipimo," alisema. "Sifinyangi nyoka." Mkewe alipombembeleza alikasirika, alipomkemea alicheka, na alipomnyamazia alilala usingizi.

Wazo la kalunguyeye lilimjia Drahomíra mwishoni mwa Oktoba. Hakuna mtu wa rika lao katika nchi ile ambaye utotoni hakumshika kalunguyeye wa chuma: tufe lenye miiba isiyolingana urefu, lililofungiwa ndani ya tundu la fito za chuma, nawe kazi yako ni kumgeuza, mwiba baada ya mwiba, mpaka atoke bila kutumia nguvu. Ni kazi ya vidole vitupu. Akaenda duka la vitu vya watoto, akanunua aliyekuwepo, akamweka mezani mbele ya mumewe.

Květoslav alimchukua kwa mkono wa kushoto. Alipitisha kidole gumba juu ya fito mara moja tu.

"Bati la kumimina. Mshono hawajaukwangua. Huyu ni kalunguyeye au ni kopo la dagaa?"

Akamsukuma pembeni. Yote hayo, na chai kwenye birika ilikuwa hata haijakolea.

Drahomíra alikwenda kwa jirani, akaazima kalunguyeye aliyeachwa na marehemu baba wa jirani huyo, kifaa cha umri wa miaka sitini. Huyu alikuwa chuma cha kweli, lakini mikono ya ukoo mzima ilikuwa imekwisha kumlainisha. Květoslav alimtikisa kwa mkono wa kushoto, na kalunguyeye akatoka mwenyewe, akadondoka ndani ya bakuli la supu.

"Ona, mama," alisema Květoslav, akimwopoa kwa uma. "Ameomba ruhusa na ameondoka. Usihangaike. Kutupa takataka kama hizi mkono wa kushoto unanitosha."

Alisema kwa mzaha, lakini usiku ule Drahomíra aliyarudia maneno hayo kichwani kama mtu anayerudia hesabu. Mkono wa kushoto unatosha. Ndiyo, unatosha kwa takataka. Kiwandani pia mambo yalikuwa hivyo: chuma kibaya unakitupa kwa jicho, cha wastani unakitupa kwa mkono wowote, na kile kizuri ndicho kinachokulazimisha utoe mkono wa kazi. Alikuwa amekosea yeye, mkaguzi, kwa kutafuta kalunguyeye wa kumpa mgonjwa. Alitakiwa kutafuta kalunguyeye wa kumpa fundi.

Jumamosi alikwenda kwenye gulio la uwanjani, kalipa ikiwa kwenye mkoba, imeviringishwa katika leso. Kwenye meza ya Oldřich Tkadlec, muuza visu na kufuli, palikuwa na sanduku la kalunguyeye thelathini wa fundi mmoja wa kijiji cha Huslenky, anayewakereza mmojammoja katika banda la nyuma ya nyumba.

"Chagua mama, wote ni ndugu," alisema Tkadlec.

"Ndugu hawalingani," alisema Drahomíra, akavua glavu.

Alianza kwa kuwasikiliza. Alimtikisa kila mmoja karibu na sikio. Waliolia ovyo kama sarafu kwenye debe aliwaweka kushoto, na waliotoa mlio mmoja mkavu aliwaweka kulia. Walibaki kumi na mmoja. Kisha alipitisha ukucha kwenye kingo za fito, ambazo tupa ya fundi hupaswa kuziua makali bila kuziviringisha. Walibaki sita. Kisha aliangalia miiba ilivyoshikiliwa: wanne walikuwa na gundi shinani.

"Gundi?" alimuuliza Tkadlec.

"Kidogo tu, mama. Hakuna atakayeona."

"Mimi nimeona."

"Wewe ni wa pili. Wa kwanza ni Mungu."

"Basi tumekuwa wawili, mwambie fundi wako."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika watu watano. Mzee mmoja aliuliza kama bibi ananunua kalunguyeye au anachagua bwana harusi. Drahomíra alijibu bila kugeuka kwamba kumchagua bwana harusi kulimchukua muda mfupi zaidi, na ndiyo maana siku hizi yuko makini. Watu wakacheka. Tkadlec, alipoona kicheko kinavuta wateja, akamletea kiti.

Alibaki na kalunguyeye wawili. Mmoja aling'aa kama kijiko cha harusi. Mwingine alikuwa na rangi ya kijivu, chuma kilivyotoka mashineni, kimepakwa mafuta tu.

"Chukua huyu anayeng'aa," alisema Tkadlec. "Ni zawadi, siyo?"

"Kung'arisha ni kupaka poda. Chini yake sijui kuna nini." Alimgeuza yule wa kijivu, akapima mapengo yote sita kati ya fito, moja baada ya jingine, akiandika nyuma ya risiti ya duka la dawa. Matano yalikuwa sawasawa. La sita lilikuwa limebana kwa sehemu tano za mia za milimita. Jicho haliwezi kuona kosa la namna hiyo, na mkono wa kushoto wa mtu anayefanya kazi kwa mkono wa kulia haulijui. Alifikiri kidogo, akafungua pochi.

"Hutaki hata kujaribu kumtoa?" aliuliza Tkadlec.

"Si wangu."

Nyumbani hakusema neno lolote kuhusu vidole. Alimweka kalunguyeye mezani, akaanza kumenya viazi.

"Fundi wa Huslenky anajigamba hajawahi kurudishiwa hata mmoja," alisema, akiwa amempa mumewe mgongo. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, na hajawahi kuyajutia.

"Nani? Huslenky kuna mafundi siku hizi?"

Mkono wa kushoto ukamchukua kalunguyeye. Kidole gumba kikapita juu ya fito, kikarudi, kikapita tena. Květoslav akamgeuza kwenye mwanga. Akamtikisa sikioni.

"Miwani," alisema.

Drahomíra alimpa miwani. Viazi vitatu baadaye mzee alisema, "Kuna pengo limebana."

"Kwa kiasi gani?"

Hilo ndilo swali ambalo katika kiwanda kile kila mtu aliulizwa tangu siku ya kwanza. Kusema kitu kimezidi au kimebana bila kutaja kiasi kulihesabiwa kuwa umbea. Květoslav alilijua swali hilo kama jina lake. Alijaribu kupitisha mwiba kwenye lile pengo kwa mkono wa kushoto, akajaribu kwenye pengo la jirani, akatikisa kichwa. Mkono ule haukuwa na hesabu ndani yake.

Ndipo akauinua wa kulia kutoka kwenye goti, akausaidia kwa wa kushoto mpaka mezani, kama mtu anayemkalisha bibi kizee. Kidole gumba na cha shahada vilifika kwenye mwiba, vikateleza. Vikafika tena. Kalunguyeye akaanguka sakafuni, akabiringika chini ya jiko, na Květoslav akamtukana yeye, jiko, na kijiji kizima cha Huslenky. Drahomíra alimwokota, akamrudisha mezani, akaendelea na viazi vilivyokuwa vimekwisha kumenywa.

Ilichukua nusu saa na zaidi.

"Sehemu moja ya kumi," alisema mzee hatimaye. Paji lilikuwa na jasho.

Drahomíra alifuta mikono, akatoa kalipa kwenye leso, akapima mbele yake.

"Tano za mia. Umemsingizia mwenzako mara mbili ya kosa lake."

"Kalipa yako imezeeka."

"Kalipa haijapata kiharusi, mzee."

Květoslav alimtazama, kisha akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Kesho," alisema. "Leo vidole vina usingizi."

Kesho yake alisema nane za mia. Siku ya tatu alisema tatu, akaambiwa sasa anapendelea. Alikuwa anakaa na kalunguyeye huyo asubuhi kabla ya redio na jioni baada yake, na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi. Bi Šimona alipovikunja vidole vyake mwishoni mwa Novemba aliuliza wametumia dawa gani. "Chuki ya kikazi," alijibu Drahomíra.

Siku ya kumi na tisa Květoslav alisema tano za mia, tena akakataza pengo kupimwa. Drahomíra alipima hata hivyo, kwa kuwa ndiyo kazi, na hakusema kitu. Kwao, mkaguzi akinyamaza kazi imepita. Mzee alimgeuza kalunguyeye mwiba kwa mwiba kwa vidole vya kulia, vikiwa bado vinatetemeka, akamtoa nje ya tundu, akamlaza juu ya kitambaa cha meza.

Sasa anasema kosa kama hilo haliwezi kuachwa hivihivi, na kwamba fundi hamwambii fundi mwenzake jambo kama hilo kwa simu. Jumamosi hii watapanda basi la saa mbili na nusu asubuhi kwenda Huslenky kumweleza fundi huyo uso kwa uso.