Aliyekula Mukeke kwa Uma

Miaka ile ya uasi, nilijikuta kwenye bariyeri ya mpakani nyuma ya mume na mke wageni, watu wa Tabora. Walikuwa wamevuka asubuhi kutoka Bujumbura kuja kutembea tu Uvira: kuona soko, kupunga upepo ufukweni, kula mukeke, samaki wa ziwani, kule mtaa wa Songo. Sasa walikuwa wakirudi, na hayo ndiyo waliyomweleza askari wa bariyeri.

Askari hakuamini. "Vita iko huku na huku, na weye unakuja kutembea?" alimuuliza mume. "Mulikula nini?"

"Mukeke wa kuchoma na bugali," alijibu mke, akamnyooshea mkono. Askari akaunusa, akatabasamu. "Mama iko na ukweli. Apite."

Kisha akanusa mkono wa mume. Ulinukia sabuni.

"Mimi nilikula kwa uma," mume alisema kwa sauti ndogo.

Tabasamu likatoweka. "Muntu gani anakula mukeke na forsheti? Huyu iko mupelelezi!"

Mkewe akafungua kikapu, akatoa mukeke waliyefungiwa kwa chakula cha jioni, akamwekea mkononi. "Baba, kula kama watu."

Alikula pale pale amesimama, mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni, mstari mzima tukimtazama. Kichwa cha samaki alikifyonza mpaka macho.

"Pita, papa," askari alisema.

Nimeona watu wakizuiwa kwenye mpaka ule kwa kukosa karatasi na kwa kukosa mihuri. Huyo peke yake nilimwona akiponzwa na adabu ya mezani.