Kigae Nilichokivunja Mwenyewe

Usiniite mwongo kabla sijamaliza. Mimi si mtu wa kuona majini. Ni fundi vigae, mtoto wa Tanga, na macho yangu yamezoea kutafuta kosa la milimita moja. Nilichokiona Goma nilikiona asubuhi, jua limewaka, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai.

Nilikuja kutandaza vigae kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Kazi ikanoga, nikaamua kubaki na kumwita mke wangu Zaina na mtoto wetu. Nikapanga vyumba viwili mtaa wa Keshero kwa Mama Kavira, mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo. Nyumba ilijengwa juu ya mawe meusi ya volkano, kama nyingi za huko, na sakafu yake ilikuwa saruji tupu. Nikaomba niitandaze vigae mwenyewe, ili Zaina akifika Jumatatu akanyage kazi ya mumewe. Mama Kavira akakubali, ila akanionyesha tundu kwenye kona ya jikoni, upana wa kisahani cha chai.

"Papa, fanya yote, lakini hii tundu uiache. Usiifunge hata siku moja."

Sikuuliza kwa nini. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la kifundi hasa, maana fundi anayejijua haachi tundu kwenye sakafu yake. Nikajisemea, akiona inavyopendeza atanishukuru. Jumapili, yeye akiwa misa ya kwanza, nikaliziba na kuweka kigae cha mwisho. Wallahi, kilikaa! Ungemwaga maji hapo yasingejua pa kwenda.

Bado nimechuchumaa nikijisifu, nikasikia hodi. Akaingia mzee mmoja, suti ya kahawia imepigwa pasi, kofia mkononi, miguu peku yenye majivu hadi vifundoni. Hakungoja karibu. Alikwenda moja kwa moja jikoni akasimama juu ya kigae kibichi.

"Fundi, kazi yako ni muzuri sana. Tangu nizaliwe sijaona makaro imelala hivi."

Makaro ndiyo vigae kwa lugha yao. Nikavimba kichwa, niamini. Mtu unamwona ana majivu miguuni, nawe unafurahia sifa!

"Lakini natoka misa, nakuta umefunga mulango yangu. Nitapita wapi?"

"Mlango upi, mzee?"

Akagonga kigae kwa kisigino. Chini kukasikika mlio wa mlango wa mbao. Kisha akavuta kiti, akaweka kofia gotini.

"Basi nitaikala hapa. Mimi sina haraka."

Nikammiminia chai, kwetu mgeni hakosi chai. Alipokigusa kikombe, mvuke ukakatika na utando wa majivu ukatanda juu. Mke na mtoto wanafika kesho. Nitawaambia jikoni tuna mzee asiye na haraka?

Nikachukua nyundo na patasi. Wewe umewahi kuvunja kazi yako bora kuliko zote, na aliyeisifu anakutazama? Nilivunja huku nalia. Joto likapanda kutoka chini, na harufu ya mkaa wa zamani.

"Aksanti, fundi."

Nikageuka. Kiti kitupu. Nyayo za majivu zilitoka mlangoni hadi kitini, zikaishia kwenye tundu ambalo hata paka angelipita kwa taabu.

Mama Kavira aliporudi hakushangaa.

"Ni papa yangu, baba mzazi," alisema. "Siku ya volkano tulikimbia, yeye akarudi kufunga nyumba. Ile nyumba iko chini yetu mpaka leo. Kila Jumapili anaendaka misa."

Nilimwomba radhi. Halafu nikalizungushia tundu lile duara la vipande vya vigae, nimevikata kimoja kimoja kwa mkono. Hakuna mlango mzuri kama ule Goma nzima, na sisemi kwa kujisifu.

Zaina nilimweleza yote. Kila Jumapili anapiga deki zile nyayo bila kelele, ila moja, kando ya tundu, haitoki hata kwa asidi. Mafundi wenzangu huja kuitazama. Nawaambia hiyo ni saini ya mteja. Nani kati yao kazi yake imesifiwa na marehemu?

Nawe ukipanga nyumba ugenini, mwenye nyumba akakwambia tundu fulani uliache, liache. Na kama umeshaliziba, shika nyundo mapema. Misa ya kwanza haichelewi kutoka.