Nilicheka nilipoambiwa tutaamkia Rufiji

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana shemeji zangu wote wapo kwenye huu ukurasa na ndio wa kwanza kukomenti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na mbili, naishi Mikumi na mume wangu. Kazi yangu ni kusimika mahema na kutandika vitanda kwenye kambi moja ya watalii. Naandika haraka, makosa ya herufi mnisamehe.

Mimi na wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, tuliacha kusemeshana kwenye arobaini ya mama mkwe. Tuligombania kanga za marehemu mbele za watu, aibu tupu. Mwaka huu mume wangu akasema yatosha, twende tukalale porini siku mbili, familia zote mbili, watoto wajuane. Kwa kuwa mahema ndiyo kazi yangu, mipango nikaachiwa mimi. Wifi anaishi Tanga mjini, nikapanga tukapige kambi Pangani, karibu na ufukwe. Nilishauliza hadi pa kupata maji ya kunywa. Wifi akajibu kwenye grupu la familia kwamba bahari anaiona kila siku, yeye anataka kuja huku kwao, alikokulia. Mume wangu akadakia: basi twende kule kijitoni, chini ya milima ya Vidunda, alikokuwa akitupeleka baba kuvua samaki wakati wa kiangazi tulipokuwa wadogo. Mchanga mweupe, kivuli, maji ya kifundoni. Pangani yangu ikafa hapo hapo. Nilinuna siku tatu, na ukoo mzima ulijua nimenuna. Hilo ndilo linaloniponza sasa.

Kambini kwetu huja mama mmoja kutoka Vidunda kutuuzia maharage na ndizi. Nitamwita Bi Mwajuma, si jina lake. Babu yangu alitoka Tabora akaja kukata mkonge Rudewa, na watu wa kwetu na wa kwao ni watani tangu enzi hizo. Mimi na yeye tukikutana ni matusi na vicheko, na hakuna kununa; hata msibani mtani huja kutania na kudai chake. Nilipomwambia tunakwenda kulala pale mchangani, kwenye kijito ambacho maji yake huishia mto Rufiji, akapiga makofi akasema, "Ee mtani, mtaamkia Rufiji na mahema yenu! Na mimi msibani nitakuja kudai kuku wangu!" Nikacheka hadi nikashika mbavu. Nikajirekodi nikiigiza anavyoongea, nikatuma kwenye grupu. Shemeji zangu walicheka wiki nzima.

Jumatatu hii alipokuja tena alinikuta nachambua vigingi vya mahema. Akaniuliza kama bado tunakwenda. Nikamjibu kwa utani, hakucheka. Akasema, "Mtani, mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa anafua pale. Huku chini jua kali, mvua ilinyesha kwetu juu. Maji yalimkuta ameinama." Nikamuuliza kwa nini basi siku ile alisema kwa mzaha. Akanitazama, akasema, "Sasa mambo ya kufa, mtani nikuambieje bila utani? Nilijua umesikia."

Jana nikachukua bodaboda, nikapita Kidodi hadi pale kijitoni. Ni pazuri, sikatai. Lakini kwenye matawi ya mti, juu ya kichwa changu, kulikuwa kumenasa nyasi kavu, mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto, vyote vimeachwa na maji. Nikapiga picha, nikakimbilia nyumbani kumwonyesha mume wangu. Akaangalia akasema, "Hicho si kiota?" Na kandambili je? "Watoto wamerusha." Nikampigia Bi Mwajuma, nikampa mume wangu simu. Mama wa watu hajamaliza hata kujibu shikamoo, mwenzangu kashaangua kicheko: "Kuku wako tutakuletea, mama!" Bi Mwajuma akakata simu, wala sikumlaumu.

Nikamwomba mume wangu tulale hata Kidodi kwenye nyumba ya wageni, mchana ndiyo twende mtoni. Hapo akabadilika sura. "Wewe hukutaka dada yangu aje tangu mwanzo. Ulitaka Pangani yako. Ukimpigia ukamtisha, mimi na wewe basi." Mume wangu si mtu mbaya, nampenda. Amemkumbuka dada yake, na pale mtoni ndipo anapomkumbuka baba yake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Leo asubuhi wifi alinipigia, mara ya kwanza tangu ile arobaini. Kwa upole kabisa akasema, "Wifi, najua uliumia mambo ya Pangani, nisamehe. Zile kanga za mama nakuja nazo, tugawane. Watoto hawalali kwa furaha. Ila wewe ndiye mjuzi wa mahema, niambie ukweli, kule pako salama?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwaza mume wangu, nikawaza wifi atakavyosema alijua tu sijabadilika. Nikajibu, "Pako salama, wifi. Njooni."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mimi niliyeiona ile kandambili kwa macho yangu. Tangu asubuhi najichukia.

Leo Jumatano. Wanatoka Tanga Ijumaa alfajiri, watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitatu. Hapa Mikumi jua linachoma, lakini Bi Mwajuma amenitumia ujumbe kwamba kwao mvua haijakata tangu jana, na safari hii hakuweka utani hata neno moja. Nishaurini wenzangu, naanzaje kumwambia wifi kwamba nilimdanganya, na mume wangu nifanye naye nini? Kunitukana mtanitukana baadaye, kwanza nijibuni.