Mbegu Aliyoigawa Bernadina

Kila Alhamisi, baada ya sala ya jumuiya, wanawake wanane wa kitongoji kimoja cha Tlawi walikuwa wanabaki nyuma na kwenda kuangalia bustani ya mmoja wao. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hawakuwa na katiba wala muhuri. Walisimama kati ya matuta, mwenye bustani akasema kinachomsumbua, na wenzake wakasema waliyoyaona kwao. Kabichi zangu hazifungi, mwenzangu unafanyaje. Nyanya zinapasuka zikikaribia kuiva. Sota, wale viwavi wa udongoni, wanakata miche usiku, nimejaribu majivu yamesaidia kidogo. Wakishamaliza kusema wote, walikuwa na desturi ya kumgeukia Bernadina.

Bernadina alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Usichana wake aliumaliza akifanya kazi kwenye bustani ya masista, na huko alijifunza mengi ambayo wenzake hawakuyajua. Alikuwa hajisifu, lakini alipenda kuulizwa. Alipoinama, akapekua majani, akanyamaza kidogo kabla ya kujibu, alijua kwamba wote wanamngoja, na ule ukimya aliupenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri hata kwa padre.

Mwaka ule Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, viazi vyao vilikuwa vimechoka. Walikuwa wakirudia mbegu ileile mwaka hadi mwaka, na kila msimu viazi vilitoka vidogo zaidi. Zamani ungeenda ushirika ukauliza. Sasa ghala la ushirika lilikuwa na kufuli lililoota kutu, na mbegu ilikuwa inauzwa na yeyote mwenye lori. Bernadina akawaambia wasihangaike, yeye atawatafutia mbegu nzuri. Akaenda mnadani Mbulu mjini, akakuta lori lililotoka mbali, na mwenye lori akamhakikishia kwamba mbegu ile ni mpya na inazaa sana. Viazi vilikuwa vizuri kwa macho, ngozi nyororo. Akarudi na magunia matatu.

Jioni ile akachukua vitatu avichemshe, aonje. Cha kwanza alipokikata, aliona pete ya kahawia ndani ya nyama yake, na alipokibana kwa vidole, ukatoka ute mweupe kwenye ile pete. Cha pili kilikuwa safi. Cha tatu safi. Akarudi kwenye magunia, akavigeuzageuza, akaona vingine udongo umeng'ang'ania kwenye macho ya kuchipulia kana kwamba umegandishwa na gundi.

Alijua ni nini. Miaka mingi nyuma aliona sista mmoja anang'oa tuta zima la viazi vyenye pete ile, akavichoma, akakataza mtu kupanda kiazi pale tena. Bernadina alikuwa pale, alishika jembe kwa mikono yake mwenyewe. Lakini asubuhi ya kesho wanawake walikuwa wanakuja na vikapu. Alishawaahidi, na wengine walishachimba matuta. Akajiambia kwamba huenda ni kile kimoja tu, kimegongwa njiani. Akachambua vile vyenye udongo kwenye macho, akavitupa shimoni, na vilivyobaki akavigawa. Walimshukuru sana. Konsolata, jirani yake, mama kijana mwenye watoto wanne, alichukua vingi kuliko wote, maana alitaka kujaza bustani yote.

Vya kwake mwenyewe Bernadina hakuvipanda bustanini. Alivifukia vichache nyuma ya choo, vyenyewe tu, mbali na mboga zake zote, na hakumwambia mtu sababu.

Siku zilezile walikuwa wanapata samadi kwa mzee mmoja aliyeitwa Gidahosh. Alikuwa mfugaji wa Dirma, kule Hanang, na kwa sababu ya ukame alipanda na ng'ombe wake hadi ukingoni mwa kitongoji, akaruhusiwa kuweka boma kwa muda. Wanawake walipoenda kumwomba samadi, aliwaruhusu wachote watakavyo, nao wakawa wanampelekea majani ya kabichi na mboga za familia yake. Ikatokea Alhamisi moja akaja mwenyewe, akasimama nje ya uzio na fimbo yake. Alikuwa na swali. Kando ya boma alipanda maboga, yanatoa maua tele lakini hayazai, yanaanguka tu. Wanawake walicheka, maana hawakuwahi kumwona mzee wa ng'ombe mwenye shida ya maboga, na yeye akacheka pamoja nao. Bernadina akamwonyesha ua dume na ua jike, na jinsi ya kuchukua la kiume asubuhi na kulipaka kwenye la kike. Tangu siku hiyo Gidahosh akawa anakuja karibu kila Alhamisi, anasikiliza.

Mwezi wa kwanza, viazi vikiwa vimefika magotini, vikaanza kunyauka. Mchana wa jua vililala vikiwa bado kijani, jioni vikainuka, kesho yake vikalala tena, na baada ya siku chache havikuinuka. Kwa Konsolata ilianza na tuta moja, ikashika bustani yote. Alhamisi walikutana kwake. Alikuwa ameng'oa mche mmoja, ameushika kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa, akauliza ni kitu gani hiki, mvua ipo na udongo una maji.

Imakulata, mama mtu mzima kuliko wote pale, akasema yeye anaona ni samadi. Ng'ombe wa tambarare wanakunywa maji ya magadi, wanaramba chumvi, kinyesi chao hakiwezi kufaa udongo wa huku juu. Mwingine akaunga mkono. Halafu wote wakamgeukia Bernadina.

Aliinama, akapekua majani. Ule ukimya aliokuwa anaupenda ulimjia, na safari hii ulikuwa kama maji ya baridi shingoni.

"Samadi mbichi huunguza mizizi," akasema.

Lilikuwa neno la kweli. Mkulima yeyote angelisema. Ndiyo maana lilimkaa rohoni kwa muda mrefu, kwa sababu hata alipojitetea mbele ya Mungu hakuweza kusema alitamka uongo. Alichukua ukweli mmoja akafunikia ukweli mwingine.

Mambo yakaenda haraka. Samadi wakaacha kuichota. Maneno yakazunguka kwamba ng'ombe wa yule mzee wanaharibu udongo, na waliokuwa hawapendi boma lile tangu mwanzo wakapata pa kushika. Mwenyekiti wa kitongoji akamwita Gidahosh, akamwambia kwa upole kwamba watu wanalalamika, ingekuwa vizuri arudi kwao. Siku mbili kabla ya kuondoka, mzee alifika kwa Bernadina. Bernadina akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mama, wewe unajua mimea," akasema. "Samadi yangu ina nini? Maboga yangu yamekaa kwenye samadi hiyohiyo, na yamezaa."

Bernadina alitazama chini. Alisema hajui, mzee wangu, huenda viazi ni tofauti na maboga. Gidahosh alimtazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Asubuhi ya kuhama kwake Bernadina alisikia kengele za ng'ombe zikiteremka bondeni, na hakutoka nje mpaka zilipopotea kabisa. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba huko Dirma majani yalikuwa bado hayajaota.

Kanisani alipanga foleni ya kuungama mara mbili, na mara zote mbili akatoka kwenye foleni. Vile viazi vya nyuma ya choo vilikuwa vimenyauka navyo. Alivichoma saa za mchana, wakati majirani wako mashambani.

Pengine angenyamaza hadi leo, kama si Konsolata. Alhamisi iliyofuata alikuja na swali jingine. Viazi vimekwisha, akasema, lakini watoto lazima wale, na palepale palipokuwa na viazi anataka kupanda nyanya. Miche anayo tayari, mia na zaidi. Je, zitakubali?

Bernadina alijua kwamba ugonjwa ule unakaa udongoni, na kwamba nyanya na viazi ni ndugu. Akanyamaza, na ukimya ukawa mrefu kupita kawaida. Hatimaye akasema: "Subiri wiki moja. Usiguse udongo."

Kesho yake alifunga shina moja lililonyauka la bustani ya Konsolata ndani ya kanga, akaenda kumtafuta bwana shamba, kijana aliyeitwa Margwe. Margwe hakusema mengi. Alikata shina kwa kisu, akachukua glasi ya maji safi, akalishika shina ncha yake ikigusa maji, wakakaa wakitazama. Hazikupita dakika nyingi, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, ukanyooka mpaka chini ya glasi.

"Mnyauko," akasema Margwe. "Unakuja na mbegu. Pale pasipandwe kiazi, nyanya, bilinganya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Mahindi, maharage na kabichi ni sawa. Mbegu ilitoka wapi, mama?"

Ndipo Bernadina akamwambia yote, mpaka ile pete ya kahawia. Alimwomba aje Alhamisi awaeleze wenzake. Margwe alifikiri, akamjibu kwamba atakuja kuwaonyesha glasi, lakini habari ya mbegu si yake kuisema.

Alhamisi wakakutana kwa Konsolata. Margwe akaonyesha glasi yake, wanawake wakapokezana kuutazama uzi ukishuka. Akawaeleza kwamba samadi haina kosa lolote. Imakulata akafunika mdomo kwa kiganja. Bernadina alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Karibu yote yalimtoka, akabaki na machache.

"Niliona," akasema. "Usiku wa kuamkia siku ya kuwagawia nilikata kiazi kimoja, nikaona ugonjwa. Niliujua. Nikawapa hivyohivyo kwa sababu niliona aibu kuwarudisha na vikapu vitupu. Na siku mliposema ni samadi, nilijua si samadi."

Kuku wa Konsolata walikuwa wakiparua kwenye matuta matupu. Kisha Konsolata akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, vya kwako ulivipanda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Bernadina aliomba lisiulizwe. Angeweza kusema bustanini. Hakuna aliyewahi kuangalia.

"Nyuma ya choo," akasema. "Vyenyewe tu. Mbali na mboga zangu."

Konsolata aliweka chini trei ya miche ya nyanya aliyokuwa ameishika, akaingia ndani, akafunga mlango. Mlango ulifungwa polepole, bila kishindo, na Bernadina alitamani ungebamizwa.

Wiki iliyofuata Bernadina alikwenda Dirma. Alipanda lori la mnada sehemu ya njia, nyingine akatembea, akiulizia, mpaka akafika boma la Gidahosh katika tambarare iliyokuwa kavu kama sakafu. Alimkuta amekaa kivulini mwa ukuta wa boma. Aliwahesabu ng'ombe kwa macho bila kutaka, akaona ni wachache. Akapiga magoti, akamweleza, hakuficha kitu, na akampa barua ya mwenyekiti wa kitongoji iliyosema anaweza kurudi wakati wowote.

Gidahosh alisikiliza mpaka mwisho. Barua hakuifungua, maana hakujua kusoma, akaiweka kando.

"Wewe umetembea mbali, mama," akasema. "Asante kwa kusema. Lakini ungesema siku ile nilipokuja kwako, ndama wangu wangekuwa na majani."

Alimwita mkewe amletee mgeni maziwa. Bernadina aliyanywa, maana kukataa kungekuwa kosa jingine. Mzee hakurudi Tlawi mwaka ule wala uliofuata.

Kikundi hakikuvunjika. Imakulata ndiye aliyewaita tena, akasema hata yeye ana lake la kutubu, kwa kuwa ndiye aliyeanza kuitaja samadi. Bernadina alienda, akawa anakaa nyuma. Akiulizwa, alisema anachokijua, na asipojua alisema sijui, na aligundua kwamba yapo mengi asiyoyajua.

Kwa Konsolata alipeleka neno kupitia Imakulata: nusu ya bustani yake, ile yenye udongo mzuri karibu na mlango, aichukue alime viazi na nyanya mpaka udongo wake upone. Konsolata akakataa. Msimu wa pili, mahindi yake yakiwa hayatoshi, akakubali.

Basi kila asubuhi anakuja, jembe begani, mtoto mdogo mgongoni. Anapita hatua kumi kutoka mlangoni pa Bernadina. "Shikamoo, mama," anasema, kwa heshima yote, na Bernadina anaitikia marahaba. Kisha Konsolata anainama kwenye matuta yake na kulima, na mpaka anapoondoka hasemi neno lingine. Bernadina huwa anatoka na jembe lake upande wa pili, naye analima. Hajawahi kubaki ndani.