Rampu ya shule yetu Nchelenge ilimpeleka mwanafunzi ofisini kwa mkuu, siyo darasani

Wakuu, salamu kwenu popote mnaposomea uzi huu. Mimi ni mwalimu hapa Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Anayetaka chumvi aende kwa wauza samaki, wanayo tele.

Shule yetu ni inclusive, yaani jumuishi. Najua hivyo kwa sababu imeandikwa ukutani kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kuliko jina la shule yenyewe.

Baada ya rangi ikaja rampu, ile njia ya mteremko ya kupandia magurudumu pasipo ngazi. Saruji nyororo, inapanda taratibu, taratibu... mpaka mlangoni kwa ofisi ya mkuu wa shule.

Msicheke kwanza. Tulipouliza, mkuu alitueleza kwa upole kwamba wageni huingia ofisini, hawaingii madarasani. Sasa rampu ikienda darasani, nani ataiona?

Akina mama wa jirani waliielewa upesi kuliko sisi. Hakuna pahali pazuri kama pale pa kuanikia chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Kila asubuhi rampu ilimeta, utadhani ziwa limepanda kuja kujiandikisha shule.

Mwenye rampu sasa. Anaitwa Mado, binti wa familia iliyokimbia vita Congo. Miguu yake haimbebi, anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Darasa langu lina ngazi ndefu mlangoni, kwa hiyo Mado alisomea nje, dirishani.

Wenzake waliwahi kumbeba. Wakamwangusha, wakacheka. Tangu hapo hakukubali tena.

"Mwalimu, miye si mufuko ya mihogo," aliniambia. "Nitaingia mu klasi na magurudumu yangu, ao nitabakia hapa."

Shida ilikuwa mvua. Mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa kisiwa cha Chisenga, na mama yake alishakata shauri.

"Mvua ikianza, mutoto anabakia ku nyumba. Sitaki anifie na homa juu ya masomo ya dirisha."

Nikaenda kumwomba mkuu tubadilishane vyumba. Akaniuliza kama nimewahi kuona mkuu wa shule asiye na ofisi. Nikasema hapana. "Basi," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ndipo tukaambiwa wageni wa elimu jumuishi wanakuja.

Chisense zikafagiliwa. Akina mama wakatutukana kwa Kibemba na kwa Kiswahili, hakuna lugha iliyobaguliwa. Huo ndio ujumuishi wa kwanza niliouona pale shuleni.

Mado akapewa maua na amri ya kupanda rampu wageni wakipiga picha. Akapanda, mabega yakifanya kazi, uso umekaza kama mtu anayevuka mto. Makofi! Mlango ukafunguliwa, akaenda kusimamisha baiskeli mbele ya meza ya mkuu.

Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyezoea kufanya kazi na wakimbizi, akatazama huku na huku. Akauliza kwa Kiswahili, "Hili ndilo darasa lake?"

Mkuu akatazama kamera. Kamera ikamtazama yeye.

"Ndiyo, mama," akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ni hii."

"Na wenzake wako wapi?"

Chai ya mkuu bado ilikuwa inatoa moshi mezani.

Mado ndiye aliyejibu, sauti tulivu kabisa. "Banakuya, mama. Balikuwa banangojea miye niingie kwanza."

Wakuu, sijawahi kukimbia vile, nikawaite wanafunzi wangu. Darasa zima likaingia na madawati kichwani, wakiimba. Mgeni akapendezwa mno, akaahidi atakuwa anapita mara kwa mara, bila taarifa.

Mvua kubwa ilinyesha wiki hiyohiyo. Mado alikuwa safu ya mbele, akisoma kwa sauti ya kushindana na bati.

Mkuu amehamia chumba chetu cha zamani. Anasema zile ngazi zinamuumiza magoti. Ameshaomba rampu ya pili.

Nilichojifunza: uongo wa mkubwa usibishane nao. Ukiukuta bado wa moto, uingizie madawati haraka kabla haujapoa.

Walimu na wazazi mliomo humu, semeni ukweli: huko kwenu rampu inaishia wapi?